Kofia Moja Nairudisha

Kamina, hospitalini
Jumapili, watu wakitoka misa

Mama yangu, na wewe yaya Odette, dada yangu mkubwa unayemsomea,

Nawaandikia nikiwa nimekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, na ule ubao wangu wa kukatia vitambaa nimeuweka mapajani badala ya meza. Mnaendeleaje huko Kinkondja? Mama, kifua kimepoa, au moshi wa kukaushia samaki bado unakukohoza? Mguu wa Baba umepona? Na maji ya ziwa yamefika wapi safari hii, yameacha njia ya kanisani au mnapita tena kwa mtumbwi? Nauliza haya kwanza kwa sababu nikishaanza ya kwangu nitasahau.

Yaya, nakuomba usome polepole na usiruke mahali utakapoona pagumu. Mama atajua kama umeruka. Sauti yako hubadilika.

Mimi niko mzima. Hawa wawili walio tumboni nao wako hai. Asubuhi hii mkunga amesikiliza mioyo yao na ameisikia yote miwili. Hilo mlishike kabla ya mengine. Kesho kutwa, Jumanne, nitapasuliwa ili watolewe, na muda wao haujatimia.

Mjomba Kitwa, aliyeleta samaki sokoni, anaondoka kesho kwa treni hadi Bukama, na kutoka pale atapanda boti kuja kwenu. Kwa hiyo barua hii itawafikia watoto wakiwa wameshatoka. Pengine mume wangu Kasongo atakuwa amepiga simu kwa yule mwenye duka pale mnapotia nanga, nanyi mtakuwa mnajua nani amelia na nani hakulia. Nimeandika kabla, makusudi. Nataka mjue tulifikaje kwenye uamuzi huu wakati sisi wenyewe bado hatujui mwisho wake, ili likitokea lolote msiletewe habari iliyotengenezwa na midomo ya watu. Kwa simu nisingeweza. Simu ya dukani inasikilizwa na kila anayengoja kununua sabuni.

Mnajua kwamba kila jioni naandika kidogo kwenye daftari langu, tangu nilipokuwa shule ya masista. Jana nimelipitia tena, hivyo nitawaeleza kwa mpangilio.

Siku ekografi ya kwanza, ile picha ya tumboni, ilipoonyesha watoto wawili, mama mkwe wangu alicheza ngoma uani bila ngoma. Ile miiko ya mapasa unaijua kuliko mimi, Mama, lakini hapa ameishika kwa namna ambayo sikuiona hata kwetu. Tangu siku ile, hakuna kitu kimoja kilichoingia mkononi mwangu. Yai likija, yanakuja mawili. Kiazi kikija, vinakuja viwili, na kama kimoja ni kikubwa, anakikata ncha mpaka vilingane, kisha ile ncha anaila mwenyewe. Kasongo aliporudi kutoka kazini kwake kwenye reli na parachichi moja mfukoni, alilokuwa ameninunulia kwa moyo mweupe, mama yake alimrudisha barabarani akatafute la pili. Alirudi giza limeingia na parachichi bichi, gumu kama jiwe, na nikatakiwa kuyapokea yote mawili, moja kila mkono.

Jirani yetu Mama Kapinga, yule mwuza vitunguu ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alizoea kunitupia kitunguu juu ya ukuta kila apitapo. Siku moja mama mkwe alimzuia mlangoni akamwambia kwetu hapatupwi kitunguu kimoja. Mama Kapinga akaweka beseni chini. “Kwetu pia mapasa tunabajua, mama,” akasema. “Lakini weye, siku batazaliwa, utatafuta pia baba wa pili?” Mama mkwe alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kitunguu cha pili kikatolewa.

Ndipo zilipofika kofia zako mbili, Mama, zile za sufu ya njano. Mama mkwe aliziweka moja juu ya nyingine, akazigeuza nje ndani, akazivuta kidogo huku na huku. Hakuona tofauti hata ya uzi mmoja. Alisema waziwazi mbele ya wageni kwamba mama yake Mado ni mtu wa kweli. Nilijivuna sana siku hiyo, na nikazitia kwenye sanduku pamoja na vitambaa vya watoto.

Kisha nikaenda kwenye ekografi ya pili. Dokta alipitisha kile chombo tumboni muda mrefu, upande wa kushoto akapita haraka, upande wa kulia akarudi na kurudi. Aliniambia kwamba yule wa kushoto anakua kama inavyotakiwa. Yule wa kulia, aliyelala chini zaidi, amebaki nyuma. Kila mmoja ana kifuko chake na kondo lake, na hilo ni jema, kwa sababu wangekuwa wanashiriki kondo moja tungekuwa na hofu kubwa zaidi. Lakini kondo la yule mdogo halimpi chakula cha kutosha. Nilimwuliza kama nile zaidi. Akasema nile vizuri, ndiyo, lakini nisifikiri kwamba chakula changu kitajua njia ya kwenda kwa mmoja. Nilale ubavu, wa kushoto hasa, nisibebe maji, nisikanyage cherehani, nirudi kupimwa baada ya wiki mbili.

Mama, mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kuchukua mwili wa mtu usiolingana na kumtengenezea nguo inayomkaa. Bega moja chini, bega moja juu, najua la kufanya. Nilirudi nyumbani nikachukua utepe wangu wa kupimia nikaanza kupima tumbo, kutoka kitovuni kwenda kulia, kutoka kitovuni kwenda kushoto, kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Nikaandika. Siku upande wa kulia ulipoonekana umezidi kidogo, nilishinda nikiimba. Siku ulipopungua, sikula. Nilipomwonyesha mkunga wa hapa, Mama Astrid, mwanamke mnene mwenye mzaha ambao mwanzoni unaudhi, aliutazama utepe kisha akanitazama mimi. “Mado,” akasema, “hivi unapima batoto ao unapima gauni?” Alinieleza kwamba watoto hugeuka, maji husogea, na kwamba mimi mwenyewe nikikaa vibaya tumbo linakaa vibaya. Nikauviringa utepe nikautia sandukuni. Hata hivyo mkono uliendelea kuutafuta.

Nyumbani nako, habari ya mtoto kubaki nyuma ilimwingia mama mkwe kwa njia yake. Hakulia. Alikaa chini akaanza kukumbuka: nani aliingia humu na kitu kimoja? Nani alisalimia tumbo mara moja badala ya mara mbili? Kwake ilikuwa wazi kwamba mmoja amepewa na mwingine amenyimwa, na aliyenyimwa amenuna, na akinuna sana atarudi alikotoka. Basi akatuma watu. Shangazi wa Kasongo aliyekuwa ameleta kuku mmoja mwanzoni aliombwa kuleta wa pili, akaleta akinung’unika. Hata padre, ambaye aliwahi kuniwekea mkono mmoja kichwani, alifuatwa sakristia akaombwa aje aweke wa pili. Alikuja, mzee wa watu, akaweka yote miwili, wala hakuuliza sababu.

Mtacheka, na mimi nilicheka. Lakini nilikuwa nafanya vilevile, tena vibaya zaidi. Dokta alikuwa ameniambia nilale ubavu wa kushoto. Nilipolala hivyo nilimfikiria yule wa kushoto, kwamba namlalia, namwonea kwa ajili ya mwenziwe. Kwa hiyo niligeuka. Zamu ya kushoto, zamu ya kulia, nikichoka kwa mgongo, ili pasiwepo wa kulalamika. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mama mkwe hakunilazimisha. Ni mimi niliyesoma biolojia na kufaulu, nikijua kabisa kwamba mtoto haonewi na ubavu wa mama yake. Mama Astrid alipolijua hilo hakufanya mzaha. Alisema tu kwamba ni afadhali nilazwe hapa hospitalini, ambapo atanigeuza yeye. Ndivyo nilivyoingia hapa, karibu na dirisha, na hapa ndipo nilipo.

Kitanda kinachonifuata ni cha Vero, mwanamke kutoka Kabongo. Yeye ameshajifungua mapasa wake, nao pia hawalingani. Mkubwa ana mashavu. Mdogo ni mwembamba, ngozi yake ina mikunjo kama mzee, na analia sauti ya paka. Nilipomwona mara ya kwanza niligeuza uso, Mungu anisamehe. Nilikuwa naogopa kwamba namtazama wangu. Siku za kwanza Vero alikuwa anakamua maziwa na kuyagawa kwenye vikombe viwili, anaviinua machoni mpaka vilingane, kisha anawanywesha. Mkubwa alimaliza na kulilia mengine. Mdogo alipaliwa na kuyatoa puani. Mama Astrid alimkemea vikali, kisha akamwonyesha: mdogo apewe machache, lakini mara nyingi, na muda wote akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge. Mkubwa apewe mengi, aachwe alale. Vero alifanya alivyoambiwa, lakini kila alipomfunga mdogo kifuani, alinyoosha mkono wa pili akamshika mkubwa mguu.

Jumatano ndipo nilipopimwa mara ya tatu. Yule wa kushoto ameongezeka. Yule wa kulia ameongezeka kidogo sana, karibu na hakuna, na maji yanayomzunguka yamepungua. Dokta alimwita Kasongo, akamwita na mama mkwe, akakaa kwenye kiti badala ya kusimama. Nilipoona anakaa, nilijua.

Alisema tungekuwa Lubumbashi kuna mashine ya kutazama damu inavyopita kwenye kitovu cha mtoto, lakini safari ya kufika kule kwa hali yangu haitaki hata kuifikiria. Kwa hiyo tutaamua kwa tunachokiona hapa. Maneno yake niliyaandika mara alipotoka, nisije nikayageuza: “Kwa mdogo, nje sasa ni salama kuliko ndani. Kwa mkubwa, ndani bado ni salama kuliko nje. Na mlango ni mmoja.” Tukingoja, mkubwa atakomaa vizuri, lakini mdogo anaweza kuacha kucheza na kuacha kila kitu, ndani kwa ndani, bila sisi kujua. Tukiwatoa, mdogo atakuwa na nafasi yake, lakini mkubwa ambaye hana kosa lolote atatoka na mapafu ambayo hayajawa tayari. Kuna sindano za kusaidia mapafu, watanichoma. Zinasaidia, lakini yeye haahidi. Akasema tufikiri, tusichelewe.

Hapo, Mama, ndipo nilipoona kwamba ile miiko tuliyokuwa tukiifuata na kuicheka ilikuwa rahisi. Mayai mawili mtu anaweza kuyalinganisha.

Alhamisi mama mkwe alikuja na mayai yake mawili, akayamenya yote, akayaweka kwenye kisahani, hakunipa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa sababu Vero alikuwa amelala.

“Mado, niambie. Kile kisu, bataleta juu ya kuokoa nani?”

“Juu ya kuokoa ule mudogo, mama.”

“Na ule mukubwa, iliomba kutoka?”

“Hapana.”

“Basi unakamata masiku ya mukubwa, unapatia mudogo.” Alikuwa hanitazami. “Minyi sikatae dokta. Minyi ninauliza tu, weye utamwambia nini?”

Nilitamani awe amenifokea, ningeweza kumfokea pia. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na swali lake lilikuwa ndilo langu. Alipoondoka nilikula mayai yale yamepoa, na sikuyasikia ladha.

Kasongo alikuja jioni bado na nguo za kazi, mikono inanuka grisi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaweka mkono upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Mkubwa alimpiga teke, kama kawaida yake. Upande wa kulia alingoja sana. “Weye njo unabasikia toka ndani,” aliniambia. “Minyi ninagonga tu mulango. Utakachosema, nitakisema na minyi, kwa mama na kwa bantu yote.” Mnajua Kasongo si mtu wa maneno. Kwa maneno hayo alinibebesha mzigo na kunisaidia kuubeba kwa pamoja.

Nilifikiri hivi, Mama. Nilikuwa nadhani kungoja ni kukaa bila kuchagua, mikono mitupu, na kwamba kuchagua kunaanza pale kisu kinapokuja. Si kweli. Kungoja nako ni kuchagua. Ningengoja, ningekuwa nimemchagua mkubwa kimyakimya, nikijifanya sikusema kitu. Na kama mdogo angenyamaza humu ndani wakati mimi nimelala ubavu mzuri, hakuna ambaye angenilaumu, na mimi ningejua. Basi kama ni lazima kitu kitoke kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kitoke kwa mwenye nacho. Mkubwa ana nguvu, kila siku ananionyesha. Namwomba anisaidie kumbeba ndugu yake. Hilo ndilo nitakalomwambia siku akiniuliza.

Lakini sikutaka kwenda kwenye kisu na mama mkwe akiwa upande mwingine. Ndiye atakayenipokea nyumbani. Ndiye atakayewaimbia. Na kama jambo litaharibika, sikutaka kuishi chini ya paa moja na mtu anayeamini kwamba niliiba.

Ijumaa asubuhi alikuja wakati Vero anahangaika. Mdogo alikuwa amepoa miguu, na mkubwa analia kwa njaa kwenye blanketi. Mama Astrid aliingia, akamchukua mdogo, akamtia kifuani kwa mama yake na kumfunga kwa kitenge, akamwacha mkubwa anapiga kelele pale kitandani. Mama mkwe hakuweza kuvumilia.

“Mama mukunga, ni nini hii? Mumoja mu kifua, mumoja pa kitanda?”

“Mama, ule mukubwa iko na joto yake.”

“Lakini analia. Anaona.”

Mama Astrid hakubishana. Alimwinua yule mtoto wa kelele na blanketi lake akamweka mikononi mwa mama mkwe. “Basi shika huyu,” akasema, “weye njo mwenye uchungu,” akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Mama mkwe alisimama pale kama mtu aliyekabidhiwa mfuko wa mgeni kituoni. Mtoto si wake, ukoo si wake. Kisha akakaa, akalegeza kanga ya kifuani, akamweka pale kwenye mifupa yake mikavu. Mtoto alitafuta ziwa, akakosa, akakasirika, akalia tena kidogo, akalala. Walikaa hivyo, Vero na mdogo wake kitanda kile, mama mkwe na mkubwa kwenye kiti, mpaka chakula cha mchana kilipoletwa. Mara nyingine mama mkwe aliinua macho akamtazama Vero, akahesabu watoto kwa macho, mmoja, wawili, akashusha tena.

Alipokwisha kumrudisha mtoto alikuja kwangu. Kanga ilikuwa imelowa, mtoto alimkojolea. Hakuifuta.

“Minyi nitakamata mukubwa,” akasema. “Weye utakamata mudogo. Hivi hakuna wa kusema alibakia.”

Nikamwambia, ndiyo, mama.

“Na kama ananiuliza masiku yake, nitamwambia nilikuwa nayo minyi.”

Hapo ndipo nililia, mara ya kwanza tangu nilazwe. Alinipa ile ncha ya kanga iliyobaki kavu.

Mchana ule ule tukamwambia dokta tumekubali, sote watatu. Sindano ya kwanza nilichomwa saa ileile, na nyingine jana. Mama mkwe alikuwa na swali moja tu kwake. Kwetu wa kwanza kutoka ni Kyungu na wa pili ni Kabwe, na ni watoto wenyewe wanaopangana. Je, kwa kisu nani atapanga, si mkono wa dokta? Dokta ni mtu wa mbali lakini hakumcheka. Akafikiri, akamjibu kwamba mkono wake hautachagua, utamkuta kwanza yule aliyelala chini, karibu na mlango. Naye ni mdogo. Kwa hiyo yule aliyebaki nyuma kwa kila kitu ndiye atakayekuwa Kyungu, mkubwa wa mwenziwe. Mama mkwe aliondoka akiirudia habari hiyo mwenyewe kwa mwenyewe, na Mama Kapinga aliyekuja kunitazama jana jioni alikuwa ameshaisikia sokoni.

Hofu sijaimaliza, Mama, nisikudanganye. Nimejifunza tu kuigawa. Asubuhi Mama Astrid akija na ile pembe yake ya mbao kusikiliza, naogopa mpaka ameinua kidole mara mbili. Halafu naiweka kando hofu hiyo, nashona kwa mkono vitambaa vidogo, nazungumza na Vero. Mchana naogopa tena kidogo. Mdogo wa Vero jana alinyonya mwenyewe, mara ya kwanza, na sasa siugeuzi tena uso. Namwangalia sana. Nimemwomba Vero anifundishe kufunga kile kitenge, na nimefanya mazoezi na mto.

Msije, tafadhali. Safari ni ndefu, kifua chako hakijapona, na hapa kuna mikono ya kutosha. Niombeeni tu pale mlipo.

Msalimieni sana Baba, na mumwambie asianze kazi ya kuchonga mtumbwi mpaka mguu upone kabisa. Msalimieni bibi yangu mzaa mama, na mumwelezee polepole, asisikie neno kisu bila maelezo. Shemeji, mume wa yaya, aambiwe samaki wake wa chumvi tuliwapata na mama mkwe amewasifu. Mama mdogo aliyenilea nilipokuwa nasoma, aambiwe kwamba kila usiku nasali kwa maneno aliyonifundisha. Na katekista wetu, kama anaweza, awataje wote wawili kwenye maombi, asimtaje mmoja peke yake.

Mwisho ni habari ya kifurushi alichobeba Mjomba. Ndani yake, Mama, utaiona kofia moja ya njano. Usishtuke. Jana nilizitoa zote mbili nikamwonyesha Mama Astrid. Ya kwanza alisema itamkaa mkubwa vizuri kabisa. Ya pili aliivisha ngumi yake, kadiri ya kichwa cha mdogo anavyokiona yeye, na ilimfunika mpaka kifundo cha mkono. Kofia ya namna hiyo itamwangukia machoni na puani, na joto lote litapita. Ya kuanzia nimemshonea mwenyewe kwa kitambaa, lakini nataka awe nayo iliyotoka mkononi mwako kama mwenziwe. Nakuomba uifumue hii na uifume upya, iwe ya kichwa cha kadiri ya chungwa kubwa, si zaidi. Najua moyo wako utakataa kuwatengenezea mapasa vitu visivyolingana. Mama mkwe amekubali. Alichokataa ni kitu kimoja kutoka kwa mama wa mapasa kusafiri peke yake, ndiyo maana ameweka na pakiti ya chumvi. Hiyo ni ya samaki wako.

Kama simu imetangulia na habari njema, ifume haraka, Mjomba atarudi nayo. Kama simu imetangulia na habari nyingine, ifume vilevile, Mama, kwa kipimo hichohicho, maana alikuwa na kichwa chake.

Na uzi utakaobaki usiutupe, wala usiutumie kwa kitu kingine. Uviringe, uuweke juu, pakavu, mbali na moshi wa samaki. Akikua utamwongezea.

Mwanao anayekukumbuka,
Mado